Baba yangu anataka kumwona chui milia: kwa safari ya kwanza twende hifadhi ipi?

Dereva wa Sakina (Arusha)

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaomba ushauri kwa wale waliokwisha kufika India kumtazama chui milia. Kila ukurasa wa kampuni ya utalii ninaoufungua unadai kwamba hifadhi yake ndiyo bora kupita zote, na kwa kuwa kuongoza wageni ndiyo kazi yangu kwa mwaka wa 16 sasa, najua maneno ya namna hiyo huandikwaje na kwa nini.

Safari hii ni ya baba yangu zaidi kuliko yangu. Ana umri wa miaka 71, na alikuwa askari wa wanyamapori huku kaskazini mpaka alipostaafu. Simba, chui na duma amewaona wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, lakini tangu nikiwa mtoto alikuwa akituambia kwamba yuko paka mmoja ambaye Afrika haikujaliwa kuwa naye, na kwamba asingependa kufa bila kumwona. Nimeweka akiba kwa miaka mitatu. Macho na masikio yake bado ni makali, ila mgongo umechoka, na barabara mbovu humtesa.

Tuna siku tisa, zote za mwezi wa Aprili, kwa sababu masika ndiyo wakati ambapo wageni hupungua huku kwetu na magari huegeshwa. Katika orodha yangu zimo Ranthambore, Bandhavgarh, Kanha, Tadoba na Corbett. Nilikuwa nimeelekea Corbett, kwa kuwa makadirio ya mwaka 2022 yanaonyesha kwamba ina chui milia 260, wengi kuliko hifadhi nyingine yoyote ya India. Je, hesabu hiyo ni kigezo kizuri cha kuchagulia? Pia ningependa kujua kama ni busara kugawa siku zetu kati ya hifadhi tatu, au tukae mahali pamoja.

Mkazi wa Usa River

Mfikishie mzee shikamoo yangu. Mimi pia ni mwongozaji, nami nimekwenda India mara mbili, kwa hiyo nitakujibu kama mtu wa kazi moja na wewe.

Hesabu ya wanyama usiifanye kigezo cha kwanza. Corbett ina chui milia wengi kweli, lakini ni kubwa, ina milima, mito na nyasi ndefu ambamo hata tembo hupotea machoni. Zaidi ya hayo, utaratibu wa India huwaruhusu watalii kuingia katika sehemu isiyozidi asilimia 20 ya eneo la ndani la hifadhi ya chui milia. Maana yake ni kwamba wengi wa hao 260 wanaishi mahali ambapo gari lako halitakanyaga. Linalokuhusu wewe ni eneo lile dogo lililofunguliwa: lina maji kiasi gani, majani yamefunga kiasi gani, na utaingia mara ngapi.

Hilo la kuingia mara ngapi ndilo kubwa kuliko yote, na ninalisema kwa sababu liliniumiza. Katika safari yangu ya kwanza niliuziwa mpango wa hifadhi tatu kwa siku sita. Wakala aliyeniandalia hakunieleza kwamba Ranthambore ningepandishwa kwenye kanta, yaani lori la wazi lenye viti 20, badala ya Gypsy, kale kagari kadogo kanachobeba wageni sita. Nilitumia muda mwingi barabarani kuliko porini, nikaambulia mkia uliokuwa ukiingia kwenye kichaka. Nililipa fedha nyingi, na nilirudi KIA nikiwa na huzuni ambayo sikumwambia mtu.

Mara ya pili nilikaa Bandhavgarh peke yake, nikaingia mizunguko mitano, asubuhi na jioni, na nikawaona chui milia watatu, mmoja wao akiwa amelala majini mpaka mabegani. Kufikia mzunguko wa tatu nilikuwa nimeanza kuzijua njia, mabwawa na tabia ya msitu ule. Kwa hiyo ushauri wangu ni hifadhi moja, mbili zikizidi sana, na mizunguko isiyopungua minne kwa kila moja. Kwa upande wangu ningechagua Bandhavgarh, ingawa kutoka uwanja wa ndege wa Jabalpur ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari.

Utakapofika, sahau redio. Sisi huku tumezoea kuitana hewani kwamba simba wako kwenye kopje fulani, na baada ya dakika kumi magari 20 yamefika. Kule mwongozaji huzima injini na kusikiliza. Chui milia hutembea peke yake, katika msitu, na wanaomtangaza ni wanyama wenzake.

Binti wa Machame (Moshi)

Nilisoma India, katika mji wa Nagpur, kwa miaka minne, na likizo zangu nyingi niliziishia Tadoba na Pench, kwa hiyo naomba nitetee upande huo.

Kwanza kuhusu mwezi. Aprili ni wakati mzuri kwenu kuliko mnavyofikiri. Katika misitu ile ya mitiki na mianzi, mitiki huwa imepukutisha majani, vijito vimekauka, na kila mnyama anategemea mabwawa machache yaliyobaki. Msitu ambao mwezi wa Oktoba ni ukuta wa kijani, mwezi wa Aprili unaupenya kwa macho hadi mbali. Ubaya wake ni joto, ambalo hupita nyuzi 40 bila shida, na kadiri mnavyosogea kuelekea Mei ndivyo linavyokuwa kali. Kwa ajili ya mzee, nendeni wiki mbili za mwanzo wa mwezi.

Pili kuhusu mgongo. Mkishuka Nagpur, lango la Moharli la Tadoba liko umbali wa saa tatu hivi kwa barabara ya lami. Lango la Turia la Pench liko karibu zaidi, na barabara yake ni pana na nzuri. Kanha ni saa tano au sita. Angalieni pia siku za kufunga: Tadoba hufungwa Jumanne kutwa nzima, na hifadhi za jimbo la Madhya Pradesh, yaani Kanha, Pench ya upande huo na Bandhavgarh, hazina mzunguko wa Jumatano jioni.

Aliyosema ndugu wa Usa River kuhusu kusikiliza ni kweli tupu, na nadhani ndiyo yatakayomfurahisha baba yako kuliko mnyama mwenyewe. Asubuhi moja Tadoba tulisimama mahali ambapo alama za nyayo zilikuwa zimepita katikati ya njia, kwenye vumbi laini kama unga. Mwongozaji alishuka kwa macho tu, kwa kuwa kushuka garini hakuruhusiwi, akatuonyesha kwamba unyayo ulikuwa umekanyaga juu ya alama ya tairi la gari lililotutangulia. Gari lile lilikuwa limepita nusu saa tu kabla yetu. Tukanyamaza. Kulikuwa na kima wa kule, langur, wenye manyoya ya kijivu na nyuso nyeusi, wakila matunda juu ya mti, na chini yao kulungu wenye madoa waitwao chital wakiokota yaliyoanguka. Mara kima mmoja akakohoa kwa sauti kavu, akiwa ameelekeza uso kwenye mianzi. Chital wakainua mikia. Mwongozaji hakuwasha gari bado, akasema chital hushtuka hata kwa mambo madogo, tumsubiri sambar. Sambar ni kulungu mkubwa wa rangi ya kahawia, na yeye hapigi kelele mpaka awe amemwona au amenusa hatari yenyewe. Alipolia, sauti moja nzito kama honi ya basi, ndipo tukasogea mita 50, na jike la chui milia likatoka kwenye mianzi likavuka njia mbele yetu bila hata kututazama. Lile vazi lake la rangi ya chungwa, ambalo kwenye picha huonekana kama linapiga kelele, ndani ya mianzi mikavu lilikuwa limepotea kabisa mpaka alipopiga hatua ya mwisho.

Mzaliwa wa Uzunguni (Arusha)

Babu zangu walitoka Gujarat, nami nimezaliwa hapa Arusha, na huenda India karibu kila mwaka. Sipingani na waliotangulia, lakini nimesoma kwamba mzee alikuwa askari wa wanyamapori, na kwa mtu wa namna hiyo ningeitaja Kanha bila kusita.

Kanha ilikuwa miongoni mwa hifadhi tisa zilizoanza na mradi wa taifa wa kumwokoa chui milia mwaka 1973. Hesabu ya nchi nzima ilikuwa imeshuka hadi 1,411 katika makadirio ya mwaka 2006, na kufikia mwaka 2022 ilikadiriwa kuwa 3,682, na kazi hiyo imefanywa kwa miguu na askari kama baba yako. Lakini Kanha ina jambo lake la pekee. Ina kulungu aitwaye barasingha, mwenye pembe zenye matawi mengi, na wale wanaoishi kwenye ardhi kavu kama ya Kanha walibaki 66 tu mwaka 1970. Walijengewa uzio wa kuzalia, vijiji vikahamishwa, mbuga zikarudishiwa nyasi, na leo utawaona kwa makundi wakati wa asubuhi katika mbuga zile zilizozungukwa na miti ya sal. Mtu aliyewahi kulinda faru wetu ataelewa mara moja anachokitazama.

Sasa mambo ya karatasi, ambayo yameharibu safari nyingi. Kibali cha kuingia hununuliwa mtandaoni kwa tarehe, lango na mzunguko, na huandikwa jina na namba ya pasipoti. Pasipoti ikibadilishwa baada ya kununua kibali, mtapata shida langoni. Nunueni miezi kadhaa kabla, kwa kuwa magari yanayoruhusiwa kila mzunguko ni ya idadi maalumu. Viza ya Mtanzania huombwa mtandaoni. Bebeni vyeti vya chanjo ya homa ya manjano, hasa kama mtaunganisha ndege Addis Ababa au Nairobi, kwa sababu India huwa wakali kwa abiria wanaopitia huko.

Kuhusu Corbett, msiichukie. Yule Jim Corbett ambaye hifadhi ilipewa jina lake alihamia Afrika Mashariki uzeeni, akafariki mwaka 1955, na kaburi lake liko Nyeri, nchini Kenya. Mzee akitaka kumsalimia, Nyeri iko karibu zaidi.

Dereva wa Sakina (Arusha)

Nawashukuru sana, na sijui niseme nini zaidi ya hilo. Jana jioni nilimsomea baba majibu yote tukiwa barazani. Aliposikia habari za sambar aliniomba nirudie. Aliposikia kwamba barasingha walibaki 66 alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza nani aliwahesabu na waliwahesabuje, nikashindwa kujibu. Akasema twende huko, na kama chui milia hataonekana, yeye atakuwa amewaona hao.

Kwa hiyo tumeamua Kanha. Swali langu la mwisho ni barabara: je, zile saa tano au sita kutoka Nagpur zinaweza kugawanywa?

Binti wa Machame (Moshi)

Zinaweza, na Pench iko njiani. Laleni usiku mbili karibu na lango la Turia, mwingie mizunguko miwili au mitatu, kisha mwendelee Kanha, ambako patabaki mwendo wa saa nne hivi. Kanha kaeni usiku nne, muwe na mizunguko sita, na mpange siku ya kusafiri kati ya hifadhi hizo mbili iwe Jumatano, ili jioni yake isipotee.

Katika Gypsy kuna safu mbili za viti vya wageni. Mzee akae safu ya mbele, nyuma ya dereva, kwa sababu ya nyuma iko juu ya ekseli na kila shimo huingia uti wa mgongo. Mkiweza, lipieni gari zima muwe wawili, ili mwongozaji asiharakishwe na wengine. Mnunulieni mto mzito wa kukalia kabla ya kuondoka. Bebeni pia sweta na blanketi jepesi: mchana ni moto, lakini mnaingia langoni alfajiri kwenye gari lisilo na paa, na mbuga za Kanha saa hizo huwa na baridi kama ya Karatu. Na kabla gari halijaondoka langoni, mwambieni mwongozaji mzee alikuwa akifanya kazi gani.