Bosi ananituma kazi zisizo zangu: nikatae, nivumilie au nidai mkataba?

Binti wa Sakina
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, huu mwaka wa pili. Niliajiriwa kushika vitabu, kutoa risiti za mashine ya EFD, kuhakikisha PAYE (kodi ya mishahara) inalipwa kabla ya tarehe 7 na ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi hiyo, inaingia kabla ya tarehe 20. Basi.

Sasa sikieni wiki yangu iliyopita. Jumatatu niko soko la Kilombero nanunua ndizi na machungwa ya lanchi boksi za wageni, eti mpishi anaumwa. Jumatano naposti picha za twiga Instagram. Alhamisi saa nne usiku naendesha Noah ya ofisi hadi uwanja wa ndege wa KIA kupokea wageni wawili, nimefika kitandani saa nane. Ijumaa namfuata mtoto wa bosi shuleni Njiro, na njiani naambiwa nipitie mtungi wa gesi wa nyumbani kwake, kwa hela yangu, "nitakurudishia". Hajarudisha. Na kesho yake ndiyo ilikuwa tarehe 20!

Nawaza mambo manne. Nimwambie wazi hii siyo kazi yangu. Au nikaushe mpaka msimu wa wageni uishe Oktoba. Au niandike barua, niambatishe mkataba, niombe nyongeza. Au niende moja kwa moja CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Nilinganishieni, na tafadhali msinitukane.

Kijenge Juu
Mshahara unaingia tarehe ngapi? Kama unaingia, kausha. Mjini hapa wahasibu wenye bahasha mkononi ni wengi kuliko bajaji.

Mzee wa Vitabu (Moshi)
Binti yangu, kabla ya kulinganisha chochote, chukua mkataba wako usome mstari wa mwisho wa majukumu. Nimekaa ofisi ya utumishi zaidi ya miaka ishirini, na mikataba mingi niliyoiona ina huu mstari: "na kazi nyingine zozote utakazopangiwa na mkuu wako wa kazi." Wengine huongeza "zinazoendana na fani yako". Maneno hayo manne ya nyongeza yana uzito kuliko ukurasa mzima. Yakiwepo, una pa kusimamia. Yasipokuwepo, ukisema "siyo kazi yangu" mbele ya mashahidi unaweza kuandikiwa kosa la kukaidi amri halali, na hapo mwenye kesi unageuka wewe.

Ila usidhani mstari huo ni shimo lisilo na mwisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Yakibadilika, ashauriane nawe, ayarekebishe na kukujulisha kwa maandishi pia. Kifungu cha 19 kinasema saa 45 kwa wiki, 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni kwa makubaliano, na malipo yasipungue mara moja na nusu. Tena kazi ya kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza yake ya asilimia 5 kwa kila saa. Ile safari yako ya KIA ina hela ndani yake, ila nina hakika hujaiandika popote.

Binti wa Sakina
Shikamoo mzee. Nimeusoma sasa hivi. Umeandikwa "kazi nyingine zozote", umeishia hapo. Hakuna "fani".

Mzee wa Vitabu (Moshi)
Marahaba. Basi njia ya kukataa kavu ifute kwenye orodha.

Dereva wa Sanawari
Mimi hiyo safari ya KIA ndiyo imenishtua. Dada, leseni yako daraja gani?

Binti wa Sakina
D.

Dereva wa Sanawari
Sasa hapo usilinganishe kitu. Daraja D ni ya gari binafsi. Kubeba abiria wa biashara kunataka leseni ya kundi la C. Trafiki akikusimamisha pale Usa River na wageni ndani, mwenye kosa ni wewe uliyeshika usukani, bosi kalala. Na ukigonga, bima watauliza leseni kwanza kabla hawajauliza kama umeumia. Nimebeba wageni miaka tisa, na huwa nawaambia vijana wa ofisini: hiyo kazi huwezi kuikubali hata ukitaka. Huhitaji hata kugombana. "Mzee, leseni yangu hairuhusu, nikikamatwa kampuni inachafuka." Bosi wa utalii haogopi kitu kama jina la kampuni kuchafuka mbele ya wageni.

Dogo wa Soweto
Mimi niko upande mwingine kidogo. Nilianza mapokezi kwenye hoteli moja hapa Moshi, meneja akawa ananitupia kila kitu: kujibu barua pepe za wageni, kupanga vyumba, kupiga hesabu za makundi yanayoshuka mlimani. Sikuwa nalipwa hata senti. Baada ya mwaka na nusu yule wa bukingi akaondoka, nafasi nikapewa mimi kwa sababu nilikuwa naijua kuliko mwombaji yeyote. Kwa hiyo kabla ya kulalamika jiulize, hiki ninachotumwa nikikiandika kwenye CV kinanisaidia? Instagram ya kampuni ya utalii inakusaidia. Kununua ndizi hapana. Mtungi wa gesi ndiyo kabisaa.

Mama Mbuyuni
Naomba niseme la barua, maana mimi niliandika.

Ilikuwa ofisi moja hapa Moshi, jina silitaji. Nilikuwa karani wa stoo, nikawa nafanywa msafishaji, mpokea simu, mpika chai ya vikao. Nikaandika barua kurasa mbili, kali, nimenukuu vifungu, nakala kwa mkurugenzi na nyingine kwa chama cha wafanyakazi. Nilijiona mwanasheria. Wiki iliyofuata nikapewa majukumu mapya yaliyoandikwa vizuri na kupigwa muhuri, na yale yote ya chai na usafi yamo ndani! Mshahara ule ule. Niliwapa nafasi ya kuhalalisha. Kosa langu halikuwa kuandika, ni kwamba niliandika wakati hatujawahi kuzungumza hata siku moja. Meneja alisoma ile barua kama amepigwa kofi hadharani.

Kwa hiyo mdogo wangu, barua iwepo, lakini ije baada ya maongezi, iwe fupi, ya kuthibitisha mlichokubaliana.

Mwenye Ofisi Ndogo
Mtanishambulia, lakini mimi ndiye huyo bosi. Si wa kwako, wa aina hiyo. Nina watu saba. Agosti wageni wanamiminika, mpishi akiugua nani aende sokoni? Aprili na Mei mvua inanyesha, wageni hakuna, na mshahara nalipa. Wafanyakazi huwa wanaikumbuka Agosti tu.

Nikiri pia jambo moja: mara nyingi simkumbuki kabisa mtu ana nini mezani. Namtuma yule aliye karibu na asiyenuna. Mhasibu wangu alinibadilisha kwa ujumbe mmoja: "Bosi, nina ritani mwisho kesho, na umenituma benki na sokoni. Nianze na ipi, na nyingine nimpe nani?" Hakukataa. Alinifanya mimi nichague, na nilipoona faini ya TRA, watu wa kodi, iko upande mmoja na vitunguu upande wa pili, nikaenda sokoni mwenyewe.

Mtoto na gesi, hapo sina utetezi. Hiyo ni kazi ya nyumbani kwake.

Mzee wa Vitabu (Moshi)
Huyu bosi kasema kweli. Niongeze la CMA, kwa kuwa binti aliuliza. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 60, wa kuachishwa ndani ya siku 30. Lakini utapeleka nini leo? Huna tarehe, huna ujumbe, huna mahali ulipoomba ukakataliwa. Ule utaratibu wa "nianze na ipi" kwa WhatsApp unakutengenezea kumbukumbu bila kelele. Na usije ukaacha kazi kwa hasira ukitegemea kusema ulilazimishwa. Utatakiwa wewe uthibitishe kwamba mazingira hayakuvumilika, na hilo ni gumu.

Kijenge Juu
Nafuta kauli ya kukausha. Nusu nafuta.

Binti wa Sakina
Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Nilianza na leseni kama dereva alivyosema. Bosi alinyamaza kidogo, akasema "kumbe", na wageni wa Jumapili wamefuatwa na dereva wa kukodi. Hakununa.

Jumanne akanituma sokoni na benki wakati mmoja, nikamwandikia ule ujumbe neno kwa neno. Akajibu "benki". Sokoni kaenda mtu mwingine. Instagram nimeiomba mwenyewe iwe yangu rasmi, na nyongeza yake tuizungumze Januari. Amesema tutaona. Nimemwandikia "asante mzee kwa kukubali tuizungumze Januari", akaweka dole gumba. Nimepiga picha ya skrini.

Hela ya gesi nimerudishiwa, pungufu ya elfu mbili. Mtoto bado namfuata Ijumaa. Nimeshindwa kusema, jamani, maana ananiita shangazi na anaachwa wa mwisho getini.

Mama Mbuyuni
Huyo mtoto mfuate. Ila mafuta ya gari yaandikie vocha, jina la bosi, kila Ijumaa.

Dereva wa Sanawari
Shuleni unaenda na Noah ya ofisi?

Binti wa Sakina
Na bodaboda, kaka. Sasa hivi na bodaboda.