OptiPlex 9020 ya gemu: niiongezee nguvu au niunde mpya?

MwangaKigoma
Wakuu habari. Nipo Mwanga, Kigoma. Mashine ni Dell OptiPlex 9020, lile keisi refu (MT): prosesa i5-4590, RAM 8 GB DDR3, kadi ya picha GTX 750 Ti, hadi diski ya kawaida, skrini ya 1080p. GTA V inakwenda, gemu mpya zinakwamakwama. Nafikiria kadi ya RX 580 na prosesa ya i7-4790. Nina laki sita sasa, nyingine baada ya miezi sita. Mnashaurije?

FundiUjiji
Mkuu, RX 580 usiiweke humo. Inakula wati 185 na inataka waya wa pini 8. Pawa saplai ya 9020 ni wati 290 na waya huo haina. Utauziwa adapta ya kutoka SATA (waya wa umeme wa hadi diski), ikatae. Plagi ya SATA inabeba wati 54 tu kwenye volti 12, ikizidiwa plastiki inayeyuka. Kubadili pawa saplai nako kuna kazi, kwa kuwa madabodi ya Dell hiyo inatumia plagi yake ya pini 8, si ile ya 24.

Inayokaa humo bila shida ni GTX 1650 ya wati 75, umeme wote inauchukua kwenye sloti. Omba picha ya ubavu wa kadi kabla hujalipa, maana zipo 1650 zenye plagi ya umeme ya pini 6.

Ila pima kwanza. Cheza huku Task Manager iko wazi. GPU (yaani kadi ya picha) ikikaa 97–99%, kadi ndiyo imechoka. Ikikaa 60% na kori za prosesa zimejaa, kadi mpya haitakusaidia. Hakikisha kwa kushusha hadi 720p: fremu (picha kwa sekunde) zisipopanda, ni prosesa. Gemu ikiganda ghafla kisha ikaendelea, tazama RAM na hadi diski.

IsevyaTabora
Hiyo i7 iache kabisa. LGA 1150 (soketi ya prosesa hiyo) na RAM ya DDR3 havihamii kwenye mashine mpya, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 na TPM 2.0 (chipu ya usalama), yako ni ya kizazi cha 4. Windows 10 nayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025.

Laki sita nunua vitakavyohama: SSD (diski ya kasi) ya SATA na hiyo 1650. Zinazobaki weka. Awamu ya pili: prosesa ya Ryzen 5 5600, madabodi ya B550, RAM 8 GB mbili za DDR4-3200, pawa saplai ya wati 550, keisi. 1650 usiiuze mapema, 5600 haitoi picha bila kadi. Ukipewa madabodi ya B450 ya mtumba, uliza kama BIOS (programu ya kuwashia madabodi) imesasishwa. Ya zamani haiitambui 5600 na skrini itabaki nyeusi.

MwangaKigoma
Asante sana wakuu. RAM je? Na mzigo wa Kariakoo?

FundiUjiji
DDR3 ya mtumba, 4 GB mbili, chukua ikiwa bei ni ndogo kweli. Hapo natofautiana kidogo na wa Isevya: miezi sita ya kukwamakwama ni mingi.

Mashine ikija imeshaundwa, kadi ichomolewe isafiri kwenye boksi lake. Barabara ni zaidi ya kilomita 1,000, na uzito wa kadi ukitikiswa unavunja sloti. UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) nayo soma wati, si VA: ya 650 VA mara nyingi haifiki wati 400.