Mtoto wa miaka 8 hakubali kufungwa, wenzake wameanza kumkwepa

MamaTumaini:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri. Mtoto ana miaka 8, anapenda drafti, karata na mbio. Akishinda anatamba mpaka mwenzake anakereka. Akifungwa anapangua kete, anadai ameibiwa, anasusa. Watoto waliozoea kuja kucheza naye hawaji tena. Kumwachia ashinde hakukusaidia, kumnyima michezo ndiyo kabisa. Sitaki kuiua ari yake, ila nataka aone kwamba rafiki ni zaidi ya ushindi. Tuanzie wapi?

MwalimuAwali:
Pole mama. Hayo mawili yaacheni. Mtoto wa umri huo anajua akiachiwa, na huko nje hakuna atakayemwachia. Ukimnyima michezo nako, anakosa mahali pa kujifunzia kufungwa.

Mpe kufungwa kwa dozi ndogo. Chagua michezo ya dakika 5 hadi 10, mcheze raundi tatu, ili kupoteza moja kusiwe mwisho wa dunia. Kwenye drafti la kete 12, mkubwa aanze na kete 10, na mtoto aambiwe wazi kwa nini. Mkifika mahali anashinda kama nusu ya michezo, hapo ndipo penyewe. Mtoto akizidiwa, mkubwa apunguze kete tena.

Kabla ya kuanza, kubalianeni kwa sauti: nani anaanza, kete ikiguswa lazima ichezwe au hapana, na tukibishana tunarudia hatua au anaamua nani. Kelele nyingi za "umeniibia" hutokana na sheria ambayo kila mmoja alikuwa nayo kichwani peke yake.

Mchezo ukiisha, aliyefungwa ataje jambo moja alilofanya mwenzake. Si "umecheza vizuri", hilo ni la mdomoni tu. Aseme, "Ulinipa kete moja ukala mbili, sikuiona." Ili aseme hivyo ni lazima awe amemtazama mwenzake, na huyo mwenzake ndiye asiyemwona kwa sasa. Aliyeshinda apange kete upya, aliyefungwa achague mchezo unaofuata.

KochaWaWatoto:
Nakazia hapo. Mtazame mwili wake, maana mlipuko hauji ghafla: anabana pumzi, anakunja ngumi, anaanza kuhoji kila hatua. Simamisheni hapo hapo, anywe maji, avute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, mara tano. Hasira ikishapanda, mawaidha hayaingii. Yaweke mpaka baadaye.

Kisha arudi kuumaliza mchezo, hata kama zimebaki hatua mbili. Mkimruhusu aondoke, kususa kunakuwa njia yake ya kukwepa kufungwa. Akipangua kete, aziokote mwenyewe na ushindi uhesabiwe wa mwenzake, bila kumfokea. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini ukimwambia hivyo huku analia anasikia matusi tu.

Kuhusu marafiki, aanze kuomba radhi kwa kitendo chenyewe: "Nilipangua kete ulipokuwa unashinda. Nisamehe." Bila "lakini". Mwenzake naye asilazimishwe kusamehe siku hiyo hiyo. Halafu mwalike mtoto mmoja, si wawili, maana watatu hugeuka wawili dhidi ya mmoja. Saa moja au moja na nusu inatosha, na siku hiyo kusiwe na kitu chochote cha kuhesabia pointi.

MsomajiWaMalezi:
Kwenye huo mwaliko, wape kazi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwagawa wavulana wa miaka 11 hivi makundi mawili kwenye kambi huko Oklahoma, Marekani, wakawashindanisha mpaka wakachukiana. Kuwakutanisha tu kwenye chakula na filamu hakukutosha. Waliishia kurushiana chakula. Uhasama ulipungua walipokuwa na shida ambazo kundi moja lisingeziweza peke yake, kama maji yaliyokatika na gari lililokwama. Kwa hiyo wajenge daraja la vijiti linalobeba kitabu, mmoja ashike mwingine afunge. Angalia tu mwanao asigeuke bosi: mmoja akae na mchoro, mwingine na vifaa.

La pili ni sifa mnazompa. Wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kuwa na akili, walipopewa maswali magumu wakafeli, walivunjika moyo haraka kuliko waliosifiwa kwa bidii, na karibu wanne kati ya kumi walidanganya alama zao. Mtoto anayeitwa "bingwa" kila siku, akifungwa anajiona si kitu. Sifu alichofanya. Na akirudi kutoka kucheza, "umeshinda?" lisiwe swali la kwanza. Muulize alicheza na nani na nini kiliwachekesha.

MamaTumaini:
Asanteni sana, nimepata pa kuanzia. Je, nimwekee chati ya nyota kila anapofungwa bila kulia?

MwalimuAwali:
Hapana, mama. Huyu ataanza kushindania nyota, na atameza kilio huku amenuna. Mwambie tu ulichokiona: "Ulikasirika, na bado ulimpa mkono." Usitarajie siku mbili tatu, ni kazi ya majuma kadhaa. Usipime kwa machozi. Angalia kama yule mtoto mwingine ameomba kurudi kucheza.