Gemu la Dota 2 limekuwa zito ghafla kwenye laptopu, FPS (picha kwa sekunde) 15 tu, fundi anataka nibadili kadi ya grafiki. Naombeni ushauri

Chalii_Sakina

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela maana hii ishu inaninyima raha kabisa. Nina Dell Inspiron 15 7567, prosesa i5-7300HQ, RAM GB 8, kadi ya grafiki GTX 1050, Windows 10. Niliichukua mtumba hapa hapa Arusha na siku zote imenifaa. Nacheza Dota 2 na washkaji, wengine wa huku Sakina, wengine Njiro, mmoja yuko Moshi anasoma, usiku kila mtu akishatoka kwenye mihangaiko yake tunaingia pamoja.

Zamani ilikuwa inapiga FPS 80 mpaka 90 kwenye setingi za kati, vita ikiwa kubwa haishuki 60. Sasa hivi ni 15, ikigusa 18 nashukuru Mungu. Watu wakikusanyika pale kwa Roshan, lile zimwi kubwa la kwenye ramani, picha inakatika katika, nabonyeza ulti (pigo kuu la shujaa), nikija kuona picha inayofuata shujaa wangu kashalala chini na sijui hata nani kanipiga. Nimeshusha setingi zote mpaka chini kabisa, vivuli nimezima, maji nimezima, majani nimezima, FPS ni ile ile 15 haijasogea hata moja. Nimefuta gemu nikalishusha upya, bando limeteketea bure.

Nimempelekea fundi mmoja mjini, akaiwasha akaitazama kidogo akasema kadi ya grafiki imechoka, nimpe laki tatu na nusu aibadilishe na mashine ibaki kwake. Hiyo hela kwangu si ndogo. Kuna mtu amewahi kukutana na hii hali?

Ngarenaro_Boy

Mkuu hiyo ni intaneti wala usihangaike. Usiku kila mtu yuko mtandaoni, mi mwenyewe ikifika saa mbili gemu linagandaganda hadi saa tano ndo linatulia. Hamia fiba.

Chalii_Sakina

Asante mkuu lakini pingi iko sawa, nacheza seva ya Afrika Kusini na kale kanamba ka juu kanasoma 70 hadi 80, pakiti hazipotei. Kinachoshuka ni FPS.

Mangi_Kiborloni

Hapo tutenganishe vitu viwili wakuu maana watu wengi wanavichanganya na wanaishia kulipia vitu visivyo na tatizo. Pingi ni muda ambao ujumbe wako unatumia kwenda kwenye seva na kurudi, ikiwa mbaya unaona shujaa anarudishwa nyuma, unabonyeza kitu kinachelewa kutokea, lakini kamera yenyewe ukiisogeza inateleza vizuri tu. FPS ni idadi ya picha ambazo mashine YAKO inachora kwa sekunde, haihusiani na mtandao hata kidogo. FPS 60 maana yake kila picha inachorwa ndani ya milisekunde 16 na ushee, kwa FPS 15 picha moja inakula milisekunde 66, ndo maana unaona zinakatika. Hata ukiwekewa fiba mpaka chumbani FPS haitapanda.

Halafu hiyo laki tatu na nusu usitoe kwanza chalii yangu. Kwenye hizo laptopu kadi ya grafiki imechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi, haichomolewi kama ya kompyuta ya mezani. Kuibadili ni kubadili mazabodi nzima au kuchomoa chipu kwa mashine maalumu. Mtu akikuambia anakubadilishia kadi muulize kwa upole anabadili nini hasa.

Angalia hiki: mashine yako ina grafiki mbili, ile ndogo ya Intel HD 630 iliyo ndani ya prosesa na hiyo GTX. Inawezekana Windows baada ya apdeti imelirudisha gemu kwenye Intel. Fungua gemu, toka kidogo kwa Alt na Tab, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, itafunguka Task Manager, nenda sehemu ya Performance uone GPU (grafiki) gani inafanya kazi.

Chalii_Sakina

Nimeangalia mangi. Gemu linatumia GTX, ila inasoma asilimia 20 mpaka 25 tu, joto lake 48. Ya Intel iko karibu na sifuri.

Kaloleni_Gamer

Piga fomati mzee, weka Windows mpya, draiva mpya (programu inayoiendesha kadi), kwisha kazi. Ila kwa hiyo kadi usihangaike kutafuta draiva mpya mpya kila wiki, GTX za ukoo wa 10 NVIDIA wameziishia kwenye matoleo ya 580, baada ya hapo wanazipa marekebisho ya usalama tu.

Njiro_Pro

Vumbi hilo. Arusha hii kuanzia Januari ukiacha laptopu mezani saa moja unaweza kuandika jina juu yake. Fungua, pulizia feni, badili ile pesti inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kupozea.

Dada_wa_Rau

Kaka wa Sakina usifanye lolote kati ya hayo kwanza, umeshatoa taarifa nzuri sana na watu wanazipita. Mimi nafanya kazi za kompyuta hapa Moshi, ngoja nieleze ninavyoisoma.

Umesema umeshusha setingi zote na FPS haijabadilika. Hilo peke yake linaitoa kadi ya grafiki kwenye kesi. Vivuli, maji, majani, hizo ni kazi za kadi ya grafiki, ingekuwa ndiyo inayozidiwa ungeipunguzia mzigo FPS ingepanda, hata kama ni kidogo. Na umetuonyesha inatumika asilimia 20 na joto 48, yani imekaa tu inasubiri kazi. Anayeigawia kazi ni prosesa, na prosesa ndiye anayechelewa.

Vumbi nalo sidhani kama ndilo. Mashine iliyojaa vumbi inaanza vizuri, dakika kumi za kwanza inakwenda, ikishapata moto ndo inashuka. Na sasa hivi ni baridi, Arusha mnavaa makoti. Hebu nijibu: FPS 15 inaanza ukishacheza muda, au tangu unaingia kwenye menyu? Na kwenye hiyo hiyo Performance, bonyeza CPU (ndiyo prosesa), chini kuna Speed kwa GHz. Niandikie namba unayoiona gemu likiwa limewaka.

Chalii_Sakina

Dada tangu kwenye menyu iko nzito, hata Windows yenyewe siku hizi kufungua folda inafikiria kwanza. Hiyo speed inasoma 0.78 GHz, nimeikodolea macho haipandi wala haishuki.

Dada_wa_Rau

Hapo hapo. Hiyo prosesa kawaida yake ni 2.5 GHz na ikipata kazi inapanda mpaka 3.5. Kusimama 0.78 bila kutikisika maana yake kuna kitu kimeifunga kwa makusudi. Chaja unayotumia ni ile iliyokuja na mashine?

Chalii_Sakina

Hapana dada. Ya zamani waya ulikatika pale karibu na pini nikanunua nyingine dukani, wakaniambia ni ya Dell hiyo hiyo, pini ikaingia vizuri. Sasa umenikumbusha, tangu hapo betri imegoma kuchaji, inaandika imechomekwa ila haichaji, nikajua betri imekufa kwa uzee. Na nikiwasha kuna maandishi yanatokea kwenye skrini nyeusi nabonyeza F1 yanaondoka.

Dada_wa_Rau

Basi tumeshampata. Angalia ncha ya chaja ya Dell, katikati kuna kipini chembamba kama sindano. Kile hakipitishi umeme wa kuendesha mashine, kinapitisha taarifa. Ndani ya chaja kuna chipu ndogo inayoiambia laptopu mimi ni wati kadhaa. Laptopu isipopata hilo jibu, iwe ni kwa sababu chaja haina hiyo chipu, au kipini kimepinda, au waya wake umekatika ndani, inaamua kujilinda: haichaji betri na inaifunga prosesa kwenye spidi ya chini kabisa ili isije ikavuta umeme ambao chaja haiwezi kuutoa. Hayo maandishi unayoyaruka kwa F1 yanakuambia hivyo hivyo, kwamba aina ya adapta haijatambulika.

Mashine yako inahitaji chaja ya wati 130. Prosesa imepangiwa wati 45, kadi ya grafiki nayo inakula karibu hizo hizo, weka skrini, weka betri inayochaji. Zile za wati 65 zinazouzwa kila kona ni za laptopu za ofisini, zitaiwasha ndiyo, ila gemu hazibebi. Soma lebo ya hiyo uliyonayo, kwenye Output ikiandika 19.5V na 3.34A hiyo ni 65. Ya kwako inatakiwa isome 6.7A.

Usiniamini kwa maneno tu, thibitisha. Zima, washa huku unagonga F2, utaingia BIOS (setingi za msingi za mashine kabla ya Windows), tafuta palipoandikwa AC Adapter, uone inasemaje. Halafu tafuta mtu mwenye Dell ya gemu mwenye chaja ya 130 uazime jioni moja. Haigharimu kitu.

Kaloleni_Gamer

Kuna njia rahisi bila kununua chaja. Shusha programu inaitwa ThrottleStop, toa tiki kwenye BD PROCHOT, prosesa inafunguka hapo hapo. Mi nimewahi kumfanyia mtu.

Dada_wa_Rau

Inafanya kazi kweli kaka, sikatai, na kama mtu ana chaja halisi ya 130 iliyokatika ule waya wa taarifa tu, inaweza kumvusha wiki moja mbili akisubiri nyingine. Ila elewa unachokizima. Ile ni ishara ya kuilinda prosesa isiungue, na mazabodi inatumia njia hiyo hiyo kuifunga hata kama haina joto. Ukiizima halafu chini kuna chaja ya wati 65 isiyojulikana, unaiambia mashine ivute umeme wote inaotaka kutoka kwenye kichaja kile. Nimepokea chaja zilizoyeyuka plastiki, moja ilikuwa juu ya godoro. Huku kwetu ambako umeme wenyewe unapanda na kushuka, mimi simshauri mtu alale na kitu kama hicho kimechomekwa.

Mangi_Kiborloni

Dada uko vizuri. Mi nilishaganda kwenye kadi ya Intel, kumbe kwenye hiyo asilimia 20 jibu lilikuwa limeshatoka.

Chalii_Sakina

Wakuu nimerudi. BIOS kwenye adapta imeandika haijulikani. Lebo ya chaja yangu 3.34A, yani ni 65 kama dada alivyosema, na ukiangalia ncha yake kile kipini cha katikati kipo ila kinacheza cheza ukikigusa kwa kucha. Nikamfuata mshkaji wa Njiro, ana Dell kubwa yenye chaja ya 130, tukachomeka kwangu. Maandishi ya F1 hayakutokea. Taa ya betri ikawaka, ikaanza kuchaji pale pale, betri niliyokuwa naitafutia mbadala! Tukafungua Task Manager, 3.1, 3.3, inacheza cheza huko juu. Tukaingia Dota, setingi za kati, FPS 85. Tukacheza mechi nzima, vita kubwa ya mwisho kwenye ngome yao ilishuka 64 basi.

Dada wa Rau Mungu akubariki sana, umeniokolea laki tatu na nusu na laptopu juu. Sasa natafuta chaja ya kwangu, nyinyi wa Moshi mnapata wapi ya uhakika?

Dada_wa_Rau

Amina kaka, nimefurahi. Duka siwezi kukutajia humu, ila popote utakapokwenda, Arusha au Moshi, beba laptopu. Usikubali kununua kwa kuangalia pini inaingia. Omba umeme dukani, chomeka, gonga F2, BIOS ikisoma 130 W lipa, isiposoma rudisha hapo hapo mezani. Hata ya mtumba iliyotoka kwenye Dell nyingine ni bora kuliko mpya isiyojitambulisha. Na ule waya wa chaja ya zamani usiutupe, kama umekatika karibu na pini tu fundi mzuri anaweka ncha nyingine, ila mwambie nyaya ni tatu, ule mwembamba wa katikati nao uungwe. Wengi wanaunga mbili wanaacha ule, na tatizo linarudi vile vile.

Ngarenaro_Boy

Dada na mimi nisaidie basi. Yangu ni HP, i5-8250U, haina kadi nyingine, RAM GB 8, chaja ni yake ya siku zote. Dota FPS 35 hivi, speed inasoma 2.9. Nikishusha setingi inapanda kidogo.

Dada_wa_Rau

Yako ni kesi nyingine kaka, prosesa haijafungwa, na kwa sababu ukishusha setingi FPS inapanda, hapo grafiki ndiyo inayozidiwa. UHD 620, grafiki ya Intel iliyo ndani ya prosesa yako, haina kumbukumbu yake yenyewe, inakula RAM ya mashine. Kwenye Task Manager bonyeza Memory, tazama Slots used (nafasi za RAM zilizojaa). Ikiandika 1 of 2, ongeza kijiti kingine cha RAM kama hicho hicho cha GB 8 uwe na viwili, data zinapita njia mbili badala ya moja na grafiki za namna hiyo zinafaidika sana. Hiyo ndiyo hela ya kwanza ningetoa.

Kabla ya hapo, bila hela, nenda setingi za video za Dota, shusha slaida ya ubora wa picha ya uwanja mpaka 70 hivi halafu washa FidelityFX Super Resolution, ipo kwenye Dota tangu 2021. Picha inachorwa ndogo kisha inakuzwa, maandishi na vitufe vinabaki vikali. Weka kikomo cha FPS 60 ili mashine isipate moto bure. Jaribu uniambie imefika ngapi.

Ngarenaro_Boy

Slots ni 1 of 2. Hiyo ya slaida nimeweka, iko 48 hadi 52 sasa hivi. Kijiti nakitafuta mwisho wa mwezi.