Tupeane uzoefu: jaribio la jiki na kitambaa cha jinzi

Mwalimu wa Maabara
Habari zenu wadau. Wanafunzi wangu wamechagua swali la mradi wa sayansi: ukali wa jiki unaathiri vipi kitambaa cha jinzi? Nimelipenda. Karibu kila mtu ameshaona suruali iliyomwagikiwa jiki, ila waliokaa chini wakapima ni wachache. Kama umewahi kulifanya, au umemsimamia mtoto, leta ulichokiona. Naanza mimi.

Tulitumia jiki yenye asilimia 5 ya dawa ya kupausha. Mililita 10 za jiki kwenye 90 za maji zinakupa nusu asilimia, 20 kwenye 80 ni asilimia 1, nusu kwa nusu ni 2.5. Kisha jiki tupu, na kipande kimoja kwenye maji matupu. Hicho cha maji ndicho wanafunzi hutaka kukiruka, eti hakitabadilika. Nakitetea kila mwaka, maana jinzi mpya huchuja hata kwenye maji, na usipokuwa nacho utaipa jiki sifa isiyo yake.

Kilichotushangaza ni kwamba mwishoni kipande cha 2.5 na cha jiki tupu vilikuwa vimepauka sawasawa. Tofauti ilikuwa kwenye muda. Anayetazama matokeo ya mwisho tu ataandika kwamba ukali hauna athari! Kwa hiyo piga picha kila baada ya dakika tano.

Fundi Cherehani
Mwalimu, kabla hawajagusa jiki wape sindano na uzi mmoja wa bluu waliouchomoa ukingoni. Waufumue taratibu. Wataona nje bluu, katikati mweupe kabisa. Rangi ya nili haizami hadi kwenye kiini cha uzi, imekaa juu juu, ndiyo maana jinzi inapauka upesi hivyo. Tena ni nyuzi za mtande tu, zile za urefu wa kitambaa, zilizotiwa rangi; mshindio, yaani nyuzi za kukatisha, ni mweupe tangu mwanzo. Geuza suruali ndani nje utaona.

Kwa hiyo vipande vyote vikatwe upande mmoja, kufuata mtande. Na hakikisheni ni pamba tupu. Jinzi zinazovutika zina nyuzi za elastani, na klorini ya jiki inaziua: kitambaa kinalegea na hakirudi. Mishono nayo muiache, mara nyingi ni poliesta, haipauki.

Dada wa Kemia
Niongezee hapo. Ndani ya jiki kuna sodiamu hipokloriti. Inaoksidisha nili, inavunja bondi ya katikati ya molekuli, na bluu inatoweka. Kinachobaki ni isatini, yenye umanjano, hivyo mkiona kitambaa kina unjano kidogo kabla ya suuza nzuri msidhani ni uchafu, kiandikeni.

Ila hipokloriti haichagui. Nili ikiisha, kazi inaendelea kwenye selulosi, yaani pamba yenyewe. Mimi naona hapo ndipo penye mradi.

Na hili naomba lisomwe mara mbili: JIKI ISICHANGANYWE NA SIKI WALA ASIDI YOYOTE, inatoa gesi ya klorini. Isichanganywe na amonia. Glavu, miwani, madirisha wazi, mtu mzima awepo.

Mama Mapacha
Dada wa Kemia umenena. Binti yangu alipima nguvu ya kitambaa. Alikata vipande vya upana sawa, akakibana kila kimoja juu, chini akaning'iniza ndoo, akawa anamimina maji kidogo kidogo mpaka kipande kikatike. Halafu anapima uzito wa ndoo na maji yake.

Vipande viwili vilivyofanana weupe, huwezi kuvitofautisha mezani, kimoja kilibeba ndoo vizuri. Cha pili, kilichokaa muda mrefu kwenye jiki kali, kiliachia maji yakiwa bado machache. Hakikupasuka kwa kishindo, nyuzi zilikatika moja moja na ukingo ukabaki na vumbi la pamba. Nilisimama pale nikamwonea fahari kweli.

Angalizo: vikauke vyote kwanza. Pamba mbichi ina nguvu kuliko kavu, ukichanganya umeharibu ulinganisho.

Kijana wa Mradi
Wakuu, nasuuza lakini naona kipande kinaendelea kupauka. Nifanyeje? Na jinzi nyeusi inafaa?

Dada wa Kemia
Mdogo wangu, maji peke yake hayaondoi jiki yote iliyojificha kwenye nyuzi. Suuza vizuri, kisha loweka kwenye sodiamu thayosulfeti, mwalimu wako anaweza kuwa nayo maabara. Inaikomesha hipokloriti. Kila kipande kikae humo muda uleule. Pia tumia chupa moja mpya kwa jaribio zima. Jiki hupoteza nguvu ikikaa, hasa kwenye joto na mwanga, hivyo asilimia ya kwenye lebo ya chupa ya zamani usiiamini.

Fundi Cherehani
Nyeusi achana nayo kwa sasa. Nyingi hutiwa rangi za salfa, zikikutana na jiki zinageuka kahawia. Ni jaribio lingine hilo.

Mwalimu wa Maabara
Asanteni sana. Mama Mapacha, ndoo tunaichukua. Kuhusu picha, sisi tunaweka karatasi nyeupe ileile pembeni ya kipande, mahali palepale, taa ileile, kisha tunasoma namba za nyekundu, kijani na bluu kwa programu ya simu. Karatasi ikisomeka tofauti kati ya picha mbili, mwanga umebadilika na picha hiyo inarudiwa. Aliyewahi kugusa upande wa joto la maji na bado hajaandika, karibu.