Zamu ya Shangazi

Kikundi: Maombi ya Familia
Jumatano, saa 10:40 jioni

Shangazi: Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo mama. Naomba mmoja wenu anishikie zamu ya leo usiku. Sitaweza kuongoza.

Dada: Amina. Shikamoo shangazi. Unaumwa?

Shangazi: Marahaba. Siumwi, nimekosa amani tu. Jana jioni nilimfokea mwanangu mpaka akanyamaza kabisa, akabaki ananitazama. Nilimwambia neno ambalo mama hakuwahi kuniambia hata siku moja. Halafu leo nianze "Baba yetu uliye mbinguni"? Nitakuwa namdanganya nani?

Baba Mkubwa: Pole sana dada yangu.

Dada: Pole shangazi. Zamu nitaishika mimi. Wewe jipe hata wiki mbili za kufunga na kutengeneza na Mungu. Ukiwa sawa utarudi.

Baba Mkubwa: Mwanangu, hapo kwenye "ukiwa sawa" tusimame kidogo. Nani humu anaongoza maombi kwa sababu yuko sawa?

Dada: Sikumaanisha vibaya baba mkubwa. Ila tukisema neema, neema kila mara, watu watazoea dhambi. Paulo mwenyewe aliuliza, "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi?" Akajibu, "Hasha!"

Baba Mkubwa: Kweli kabisa, na hiyo Hasha naishika kwa mikono miwili. Lakini soma na Tito 2:11-12. Anayetufundisha kukataa ubaya ni nani? Ni neema hiyohiyo. Hofu ya kufukuzwa inamfundisha mtu kuficha tu.

Mimi: Naomba kuuliza baba mkubwa. Siku niliyookoka niliisikia injili, nikalia, nikaamini. Tangu hapo mahubiri mengi ninayoyasikia ni ya namna ya kuishi: toa, funga, samehe, vumilia. Habari ya msalaba naisubiri Pasaka. Hivi injili si ya watu ambao bado hawajaamini?

Baba Mkubwa: Fungua Warumi 1. Mstari wa 7 Paulo anawaandikia watu "wapendwao na Mungu, walioitwa kuwa watakatifu". Shuka mpaka wa 15: yuko tayari kuihubiri Injili "hata na kwenu ninyi mnaokaa Rumi". Watakatifu, na bado anataka kuwahubiria Injili! Kisha 1 Wakorintho 15, anawaarifu ndugu injili waliyokwisha kuipokea, "na katika hiyo mnasimama". Hakusema mliingilia kwayo mkaiacha mlangoni. Mnasimama juu yake leo hii.

Mimi: Nimeelewa. Ngojeni, bibi ametuma sauti ya dakika nne. Naiandika kwa walio kazini:

"Wanangu na wajukuu zangu, macho yangu hayawezi hizo herufi ndogo, nasema kwa mdomo. Mkumbukeni Petro. Alimkana Bwana akiota moto, Yohana 18, na imeandikwa ni moto wa makaa. Mara tatu. Bwana amefufuka, Yohana 21, wanashuka pwani wanakuta nini? Moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Mimi naamini Petro aliijua harufu ile kabla hajafika karibu. Na neno la Bwana lilikuwa, 'Njoni mfungue kinywa.' Akamlisha kwanza. Baada ya kula ndipo akamuuliza kama anampenda, mara tatu, na Petro akahuzunika, maana kosa halikufunikwa. Lakini kila swali lilikuja na kazi: lisha, chunga, lisha. Wewe binti yangu, usikae mbali na moto."

Dada: Nimesoma Yohana mara ngapi jamani, na sikuwahi kuuona ule moto wa pili.

Baba Mkubwa: Asante mama. Na huyohuyo Petro, baada ya Pentekoste, baada ya miujiza, kule Antiokia akajitenga na watu wa Mataifa mezani kwa kuwaogopa wenzake. Wagalatia 2. Paulo alimkemea mbele ya wote, na alichokiona ni kwamba hawaendi "sawasawa na ile kweli ya injili". Shida ya mezani ilikuwa shida ya injili. Kwa hiyo sishangai kumsikia Petro kwenye waraka wake wa pili akisema atakuwa tayari kuwakumbusha siku zote "ijapokuwa mnayajua". Na mtu aliyepungukiwa na saburi na upendo anamwelezaje? "Amesahau kule kutakaswa dhambi zake za zamani." Amesahau. Sasa aliyesahau ukimpa wiki mbili akae peke yake, atakumbushwa na nani?

Mimi: Hilo limenigusa mimi kabla ya shangazi.

Saa 1:15 usiku

Shangazi: Nimesikiliza sauti ya mama mara mbili. Kuna jambo nimeliona na linaniuma kuliko la jana. Nasema leo sistahili kuongoza. Basi Jumatano zile nyingine zote nilikuwa najiona nastahili. Nilikuwa naomba huku nimesimama juu ya wiki yangu nzuri.

Baba Mkubwa: Dada yangu. Hata mimi.

Dada: Shangazi unisamehe. Nilikupa wiki mbili ambazo Bwana hakumpa Petro.

Shangazi: Nimekusamehe mwanangu, ulinipenda kwa namna ulivyojua. Ngoja kwanza nikaongee na mtoto.

Saa 2:56 usiku

Shangazi: Nimemwomba msamaha. Nilijizuia nisiongeze "lakini na wewe". Lilikuwa mdomoni kabisa. Amelia, nami nikalia.

Shangazi: Zamu ni yangu. Fungueni Waefeso 2, tunaanza mstari wa 8. Atakayesoma ni mwanangu, yuko hapa ameshika Biblia.

Mimi: Bibi anasema yuko tayari, tuongeze sauti.