Kesho ni Stars na Morocco: tupeane uzoefu wa mechi ambazo tuliingia tukiwa wanyonge

Mzunguko Kusini (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Kesho Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025, saa 2 usiku, Taifa Stars inaingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kucheza na Morocco robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani. Hatujawahi kufika hatua hii. Tulicheza CHAN ya 2009 kule Ivory Coast na ya 2020 kule Cameroon, na mara zote mbili tuliishia kwenye makundi. Wenzetu wamelibeba kombe hili mara mbili mfululizo, 2018 na 2020.

Nimeanzisha mada hii kwa sababu leo asubuhi, nilipokuwa naitoa jezi yangu ya zamani kwenye sandarusi ili ifuliwe, nilikuta ndani yake kipande cha tiketi ya tarehe 14 Novemba 2015, Stars na Algeria, kimekunjwa mara nne mpaka wino umefifia. Nilikaa kitandani nikakishika kwa muda mrefu. Siku ile Elius Maguli alifunga la kwanza, Mbwana Samatta akafunga la pili, na mimi nilikuwa mzunguko nimekumbatiana na mtu ambaye sijawahi kumwona tena maishani mwangu. Algeria walikuwa miongoni mwa timu bora kabisa za Afrika, na sisi tulikuwa tunaongoza mabao mawili kwa bila. Zilipobaki kama dakika ishirini, nikaona kitu ambacho nimekiona mara nyingi tangu hapo: mabeki wetu walianza kushuka hatua kwa hatua, viungo nao wakashuka hadi wakawa wanacheza migongoni mwa mabeki, na kila mpira tulioupiga mbele ulirudi kwetu papo hapo kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuupokea. Islam Slimani alifunga mara mbili ndani ya dakika zisizofika tano. Mechi iliisha 2-2, na watu walitoka uwanjani kimya kama wanaotoka kuzika.

Naomba kila mwenye kumbukumbu ya mechi ya namna hii aiweke hapa, kisha tusaidiane kuitazama ya kesho.

Binti Ndanda

Mkuu, umenikumbusha San Pedro, Ivory Coast, Januari 2024, kwenye AFCON tulipocheza na Zambia. Msuva wetu alifunga mapema kabisa, Zambia wakabaki kumi kabla ya mapumziko, na bado Patson Daka akasawazisha dakika ya 88. Nilikuwa nimeshawapigia wadogo zangu simu ya kushangilia.

Temeke Damu

Ni kweli tupu. Ugonjwa wetu ni dakika ishirini za mwisho.

Mwalimu Mstaafu

Vijana wangu, poleni. Mimi nitaanza mbali kidogo. Mwaka 1979 tulihitaji sare tu Ndola, nyumbani kwa Zambia, ili tuende fainali za Afrika zilizofanyika Nigeria mwaka 1980. Nilikuwa mwanafunzi, na mtaani kwetu redio ya maana ilikuwa moja, kwa jirani aliyekuwa fundi cherehani. Aliiweka dirishani ili sote tusikie, nasi tukakaa chini mchangani, watu wazima na watoto. Zambia walitangulia, na mtangazaji alikuwa anaeleza mashambulizi yao mfululizo hata baadhi ya wazee wakaanza kuinuka. Peter Tino aliposawazisha, yule fundi alitoka nje na futi yake shingoni, akakaa katikati yetu akilia bila kujificha. Nina miaka zaidi ya sitini sasa na sijaona furaha nyingine ya mpira iliyofanana na ile.

Nasema hivi kwa sababu siku ile tulijilinda ugenini, tukavumilia, na tukafuzu. Kujilinda si dhambi.

Temeke Damu

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, Ndola tulikuwa ugenini na sare ilitutosha. Kesho tupo kwetu na mechi ni ya mtoano. Ukijilinda nyumbani unawaambia mashabiki elfu kadhaa wakae kimya.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hoja yako naipokea, lakini siikubali yote.

Kariobangi Kaskazini

Majirani zangu wa Tanzania, ruhusuni Mkenya aseme. Tarehe 10 mwezi huu nilikuwa uwanja wa Kasarani, Nairobi, tulipocheza na hawa Morocco. Kabla ya mechi, hata kazini kwangu watu walikuwa wanajadili tutafungwa mangapi. Ryan Ogam alifunga dakika ya 42, na kabla hata hatujamaliza kushangilia, Chrispine Erambo akapewa kadi nyekundu. Kipindi chote cha pili tulicheza watu kumi. Nilisimama dakika zote 45, na mikono yangu ilikuwa imeng'ang'ania chuma cha kiti cha mbele hivi kwamba vidole viliuma hadi siku ya pili. Morocco walipiga krosi, wakapiga kona, wakapiga tena krosi. Hatukufungwa.

Kwa hiyo anayesema kushuka nyuma ni kifo, hajaiona mechi ile. Tofauti ni kwamba vijana wetu walishuka kwa mpangilio: mistari miwili ya wanne imekaribiana, na yule mmoja wa mbele akiwakimbiza mabeki wao hadi pumzi ikamwishia. Kushuka kwa hofu ni jambo lingine.

Binti Ndanda

Asante kaka. Hilo la mpangilio ndilo hasa nililotaka kulisema.

Ubungo Maziwa

Wakenya msituletee ushauri, mlitufunga Cairo kwenye AFCON ya 2019 tukiwa tumetangulia mara mbili, na mpaka leo sijasamehe.

Kariobangi Kaskazini

Ndugu yangu, ile 3-2 nayo ni ushahidi wa hoja iliyopo. Mlitangulia kwa Msuva, tukasawazisha, mkatangulia tena kwa Samatta. Kipindi cha pili mlituachia mpira kabisa, na Olunga akamaliza kazi zikiwa zimebaki dakika kama kumi. Sisemi kwa kejeli. Kesho sisi tunacheza na Madagascar, ninyi na Morocco, na ninawaombea kama ninavyoiombea nchi yangu.

Ubungo Maziwa

Sawa. Nimeipokea dua.

Kijana wa Zakhem

Wakuu, nimesita sana kuandika, lakini mwanzisha mada ametaja Algeria na mimi siwezi kuipita mechi ile kimya.

Baada ya ile sare ya 2-2 ya Jumamosi, marudiano yalikuwa Blida, kwao Algeria, Jumanne ya tarehe 17 Novemba. Nilikuwa na miaka 24, naendesha bodaboda Mbagala. Mama yangu alikuwa kwenye kikoba cha akina mama 18. Sanduku lao lilikuwa na kufuli tatu, na kila ufunguo ulikaa kwa mtu wake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuligusa peke yake. Siku ile walilifungua, wakanihesabia shilingi 350,000 mbele ya wote, wakanituma Kariakoo kununua sukari na mchele wa kugawana, kwa sababu mimi ni mtoto wao na waliniamini.

Sikufika Kariakoo. Nilijiambia kwamba timu iliyowaongoza Algeria 2-0 haiwezi kufungwa kwao, na kwamba nikiweka fedha yote Stars haifungwi, nitarudi na sukari, na mchele, na faida ya mama. Niliiweka yote.

Niliangalia kwenye kibanda umiza, kile cha kulipia kuona mpira kwenye TV, benchi la ubao, mstari wa pili kutoka mbele. Bao la kwanza liliingia kabla sijakaa vizuri. Watu walicheka, wakasema bado mapema. Lilipoingia la tatu watu walianza kutoka. Mimi sikuweza kutoka kwa sababu miguu haikuwa na nguvu. Nilibaki mpaka la saba, na mwenye kibanda akaja akanigusa bega akaniuliza kama ninaumwa. Usiku ule sikuiwasha pikipiki. Niliisukuma kutoka Zakhem mpaka nyumbani, kwa kuwa niliona hata kuipanda sistahili.

Alfajiri nilimwambia mama. Hakupiga kelele. Alijifunga khanga ya pili, akanishika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, akanipeleka kwa mwenyekiti wa kikoba.

Temeke Damu

Mungu wangu.

Ubungo Maziwa

Endelea kaka, usituache hapo. Ikawaje?

Mama Ntilie Kurasini

Mimi nitasema ukweli hata kama utauma. Fedha ya kikoba ni ada ya mtoto, ni dawa, ni kodi ya chumba. Nipo kwenye kikoba mwaka wa tisa sasa, na angenifanyia hivyo mtoto wa mwenzangu ningekwenda polisi siku hiyo hiyo.

Binti Ndanda

Dada, alikuwa kijana na amekiri mwenyewe bila kulazimishwa na mtu. Tusimpige tena kwa kosa la miaka kumi iliyopita.

Mama Ntilie Kurasini

Simpigi. Ninawasemea wale akina mama 18, ambao hapa hawana msemaji.

Kijana wa Zakhem

Mama yangu, uliyosema ni haki na ninayapokea. Wapo waliotaka polisi. Mwenyekiti alisema polisi haitarudisha sukari. Wakaamua kila jioni nilete shilingi 5,000, katibu aandike kwenye kaunta buku na mimi nisaini mbele yake. Nilileta siku 70 mfululizo, na siku za mvua ambazo abiria hawakuwepo nilibeba mizigo sokoni ili nisikose. Nilimaliza mwishoni mwa Januari 2016. Tangu siku ile sijaweka mkeka wowote wa kubeti, na kesho watakaokuja kuniambia Stars wana bei nzuri nitawaonyesha mlango.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, umefanya kazi kubwa kuliko mechi yenyewe. Mungu akulinde.

Mzee wa Takwimu

Naomba turudi kwenye mechi ya kesho, maana nimesoma mahali watu wakidai kwamba hatujawahi kumfunga Morocco. Hilo si kweli. Tarehe 24 Machi 2013, kufuzu Kombe la Dunia, uwanja huu huu, tuliwafunga 3-1, Ulimwengu moja na Samatta mawili. Mabao yetu yote matatu yalikuja kipindi cha pili, na tulipopata la kwanza hatukurudi nyuma. Tulitafuta la pili, kisha la tatu.

Baada ya hapo wametulipa kwa riba, nakubali. Wametufunga 2-0 hapa Dar es Salaam Novemba 2023, 3-0 kule San Pedro Januari 2024, na 2-0 kule Oujda Machi mwaka huu. Lakini CHAN ni ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao peke yao. Kesho hakuna nyota wao wa Ulaya, hakuna Hakimi, wala hakuna Brahim Díaz. Sisi nasi hatuna Samatta wala Msuva, ila sehemu kubwa ya kikosi cha kocha wetu Hemed Suleiman imezoea kucheza pamoja au kukutana kila wiki kwenye ligi yetu.

Tazameni makundi. Sisi tumeruhusu bao moja katika mechi nne: tumewafunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0 kwa bao la Kapombe dakika ya 89, Madagascar 2-1 kwa mabao mawili ya mshambuliaji wetu Mzize, kisha sare tasa na Afrika ya Kati. Wao wamefunga mabao manane na wameruhusu matatu. Maana yake wanafungika, ila ukiwaachia nafasi wanafunga kuliko sisi.

Temeke Damu

Kwa hiyo ushauri wako ni tushambulie?

Mzee wa Takwimu

Ushauri wangu ni kwamba Mzize asirudishwe kukaba kwenye boksi letu. Akibaki karibu na mstari wa kati, mabeki wao wawili watalazimika kubaki naye, na hao ni watu wawili pungufu kwenye krosi zao.

Kariobangi Kaskazini

Ogam ndivyo alivyotusaidia kabla hatujapungua. Naunga mkono.

Mwalimu Mstaafu

Mimi bado nasema ikifika dakika ya 80 tunaongoza, arudi hata kipa wa akiba akae golini.

Mbezi Mwisho

Mimi nilikuwepo tarehe 7 Juni 2010 Brazil walipokuja na Kaká na Robinho. Tulifungwa 5-1, na bado uwanja ulilipuka Jabir Aziz alipofunga, kana kwamba sisi ndio tumeshinda. Nilishangilia na mimi, lakini njiani kurudi nyumbani niliona uchungu kwamba tumezoea kufurahia bao moja la kufutia machozi. Kesho sitaki la kufutia machozi. Wachezaji wetu wamefika hapa bila kufungwa mechi hata moja, na mashabiki tuwadai ushindi kwa sauti, hasa dakika ya 70 kwenda mbele, wakati ambao kwa kawaida tunakaa chini tukishika vichwa.

Mzunguko Kusini (mwanzisha mada)

Hapo umenigusa, kwa sababu mwaka 2015 Slimani alipofunga la kwanza mimi mwenyewe nilikaa chini. Nakumbuka vizuri: nilikaa, na jukwaa zima lilikaa, na vijana wakabaki uwanjani peke yao.

Ninayoomba kwa wanaokuja mzunguko ni mambo machache. Tiketi nunueni leo, msisubiri foleni za mlangoni. Wanaotoka Mbagala na Kigamboni watangulie mapema, kwa maana barabara ya Kilwa jioni ya Ijumaa tunaijua. Na wakisawazisha, tusikae.

Mama Ntilie Kurasini

Kibanda changu cha chakula kipo njia ya kwenda uwanjani, na kesho nitakuwa na wali na maharage mpaka saa 12 jioni, kisha nafunga na mimi naingia. Kijana wa Zakhem, ukipita, sema jina hilo hilo uliloandikia hapa. Sahani yako ipo.

Kijana wa Zakhem

Nitapita, mama. Nakuja na mama yangu.